Tiketi Yenye Kona

Walimwita Mama Kona, na yeye hakulikataa jina, kwa kuwa kitu cha bure hakikataliwi mpaka kionekane kina hasara gani. Alikuwa wakala wa tiketi za ndege katika chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi, na tiketi zake zilikuwa na kona. Mtu akitaka kwenda kaskazini, Mama Kona alimpeleka mashariki kwanza, akamkalisha kwenye kiti cha chuma cha uwanja asioujua mpaka miguu ife ganzi, ndipo akamrusha kaskazini. Nauli ilishuka, mteja alinung'unika, na safari nyingine mteja alirudi. Wenye haraka walikwenda kwenye ofisi zenye vioo.

"Ni mbali kiasi gani?" Hilo lilikuwa swali la kila mgeni wa ndege, kabla hata hajakaa vizuri.

"Inategemea," Mama Kona alijibu. "Unalipa mwenyewe au unalipiwa?"

"Nalipa mwenyewe."

"Basi ni mbali."

Wala hakuwa anatania sana. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na ramani. Ukiipa viwanja viwili inachora mstari uliopinda kidogo kama upinde, halafu inakuandikia kilomita na saa za kuruka. Mstari ule aliwaonyesha wateja kwa adabu tu, kama muuza vitambaa anavyokukunjulia jora ambalo anajua huliwezi. Kilomita hazisafirishi mtu. Mtu anasafiri kwa saa, na saa zenyewe si za aina moja: kuna za kuruka, kuna za kungoja, kuna za foleni, na kuna zile zinazoliwa na tofauti ya majira ya nchi na nchi, ambazo mtu huziacha huko juu asizione tena. Mteja mmoja aliona anaondoka saa nne na atafika saa tano, akashangilia kwamba safari ni ya saa moja. Mama Kona alimwacha ashangilie mpaka alipolipa, kisha akamweleza. Mwingine aliona nane na sifuri mbili kwenye tiketi, akaja uwanjani saa nane mchana na mabegi yake, wakati wenzake aliopaswa kuruka nao walikwisha kufika na kuoga. Tangu siku hiyo Mama Kona hakutoa tiketi mkononi kabla ya kuandika saa ya Kiswahili pembeni kwa kalamu, kwa herufi kubwa, kama vile: SAA MBILI ASUBUHI, JUA LIMETOKA.

Chumba alikichangia na mpiga picha za pasipoti, mtu mwembamba mwenye mdomo usiotulia, ambaye ngazi nzima ilimwita Picha. Alikuwa na shuka jeupe ukutani, kigoda na taa mbili. Mtu alikaa kwa Picha, akakatazwa kutabasamu, akageuka kidogo tu na tayari yuko kwa Mama Kona. Waligawana kodi na feni, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkuta mwenzake akilia, jambo ambalo kila mmoja alilihesabu kuwa ujirani mwema.

Mama Kona alijijenga mwenyewe. Baba wa mtoto wake hakufa. Aliondoka tu, na huko alikokwenda Mama Kona hakuwahi kuuliza hata nauli yake. Aliuza mabegi ya mitumba, akauza mabegi mapya, akaona wanaonunua mabegi wana mahali wanakwenda, akaanza kuuza kwenda kwenyewe. Kanuni za kazi alimlisha mwanawe pamoja na uji. Bei ya kwanza ni salamu, na hakuna mtu anayeshiba salamu, uliza tena. Halafu, mtu akijua unakitaka kitu, bei inapanda. Kitake moyoni, lakini usoni vaa sura ya mpita njia. Mtoto alikulia chini ya meza ile akisikia hayo, akayashika vizuri kuliko alivyoyashika ya shule, na ya shule pia aliyashika. Ndiyo maana aliondoka.

Sasa alikuwa fundi wa mashine za hospitali, zile kubwa zinazommulika mtu mpaka mifupa, katika mji wa mbali. "Mimi na mwanao kazi yetu moja," Picha alipenda kusema, "ila yeye wateja wake anawalaza." Kutoka uwanja wa huko hadi uwanja wa hapa ramani iliandika saa saba. Saa saba angani. Chini ilikuwa miaka mitano. Kila mwaka aliahidi mwakani, na mwakani ina tabia ya kutofika.

Mama Kona mwenyewe alikwenda kwa mwanawe mara moja. Alikaa katika nyumba ya ghorofani ambamo kila mtu alitoka asubuhi na kurudi amechoka. Akayapanga masufuria, akayapanga tena, kisha akaibadilisha tiketi yake akarudi kabla ya siku yake. Hakugombana na mtu. Aliona tu kwamba pale alikuwa mzigo uliozidi uzito, na mzigo wa namna hiyo, ukiwa wa mama, wenyewe hawasemi kitu, wanaubeba.

Jioni alifunga ofisi akaenda nyumbani kwake, vyumba viwili na ukumbi mdogo. Akifungua mlango aliwasha redio kabla ya kuwasha taa. Hakuisikiliza. Ilikuwa ili awepo mtu anayeongea wakati mkono unatafuta swichi. Alipikia sufuria ndogo. Ile kubwa ilikaa juu ya kabati, imelala kifudifudi.

Simu alikuwa nazo mbili. Ya kazi ililala ofisini, ndani ya droo, kwa sababu wasafiri hawana adabu ya saa. Ya nyumbani aliibeba. Mambo ya tiketi, simu ya kazi. Mengine yote, ile nyingine. Sheria hiyo haikumwacha mtu, hata mwanawe, na mwanawe aliifuata mpaka ikawa karibu kila akipiga anapiga ya kazi, maana ya nyumbani hayakuwa mengi.

Siku moja ikalia ndani ya droo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepiga ya kazi."

"Ni kazi. Ofisi inanituma kufunga mashine." Akautaja mji. "Tiketi wanalipa wao, nimewaambia nina wakala wangu. Nitafutie njia fupi, mama, nisifike nimelegea kama gunia tupu."

"Ngoja."

Akavitia viwanja viwili, mstari ukajichora. Ulipita juu ya mji wake, kiasi kwamba ile nukta ya mji ilifunikwa na mstari wenyewe. Saa kumi angani, moja kwa moja, na viti tele. Chini yake mashine ikatoa njia nyingine: saa saba hadi hapa, kutua asubuhi, kuondoka jioni, kisha mwendo wa saa tatu. Katikati palikuwa na kutwa nzima. Mama Kona aliitazama ile kutwa, kisha akajikohoza.

"Ya moja kwa moja imejaa," alisema.

"Imejaa yote?"

"Hapana hata pa kuchomeka sindano. Kuna yenye kona."

"Mama na kona zako! Haya, kona yenyewe iko wapi?"

"Hapa."

"Hapo nyumbani?"

"Unafika asubuhi, unaondoka jioni. Si lazima utoke. Siku hizi humo ndani wameweka viti vya kulala. Na mimi siku hiyo nina kazi hata hivyo, kuna kundi la watu ishirini."

"Aa. Una kazi."

"Ukitaka kutoka, utatoka. Usipotaka, pumzika. Ya kurudi nayo inapita hapahapa, ila kona yake fupi, ya kubadilisha ndege tu."

"Sawa mama. Tutaona."

Alipoirudisha simu kwenye droo, Picha alikuwa amesimama na kamera shingoni, na mteja wake juu ya kigoda akisubiri akiwa amekaza uso.

"Kundi la watu ishirini?" Picha akauliza.

"Unasikiliza simu za watu."

"Chumba kimoja, masikio niyapeleke wapi? Mwambie kijana unataka kumwona. Maneno matatu tu."

"Ukimwonyesha mtu kwamba unataka..."

"...bei inapanda. Najua, hata huyu mteja wangu sasa anajua. Lakini yule hauzi kitu, Mama Kona. Yule ni mwanao."

"Kila mtu anauza. Mpige picha mwenzio, shingo itamvunjika."

Kuanzia hapo kutwa ile aliichambua kama mtu anayechambua mchele. Uwanja ungekula fungu lake asubuhi, maofisa na mihuri yao. Ungekula fungu lingine jioni, maana abiria hutakiwa mapema. Barabara ingekula kwenda na kurudi. Kilichobaki katikati ndicho chake, na hakikuwa kikubwa, lakini alikwisha kufanya biashara na vilivyo vidogo kuliko hicho. Alimwita fundi akaziba bomba la bafuni lililokuwa likidondoka tangu mwaka juzi, ambalo yeye peke yake halikuwa limemsumbua. Akabadilisha mapazia ya chumba cha pili. Sufuria kubwa akaishusha, akaisugua, akashangaa ilivyo nzito.

Teksi aliitafuta mwenyewe, akamkuta dereva mmoja wa makamo aliyeegemea gari lake kama mtu aliyelichoka.

"Uwanja wa ndege, kwenda na kurudi?" dereva aliuliza.

"Kutwa. Nakuchukua asubuhi, nakuachia jioni."

"Kutwa ni ghali, mama yangu. Gari litalala njaa."

"Gari lako hapa limelala njaa bure. Kwangu litalala limelipiwa."

Dereva akacheka, akashusha. Mama Kona hakucheka, akashusha tena. Walipoagana kila mmoja alidhani amemwonea mwenzake, na hiyo ndiyo dalili ya bei nzuri.

Siku ilipofika alipika alfajiri, akafunika, akatoka. Uwanjani alisimama kwenye kizuizi cha wanaopokea, mahali ambapo katika miaka yote ya kazi hakuwahi kusimama. Kazi yake iliishia kwenye mlango wa kuondokea. Aliona jinsi watu wanavyonyoosha shingo. Yeye hakunyoosha yake. Ubao uliandika kwamba ndege imetua. Akapanga maneno: angempigia akiwa bado ndani, amwambie kwa sauti ya mtu anayepita, nimekuja huku kwa shughuli zangu, kama unatoka toka.

Alipiga. Simu ya mwanawe ilikuwa imezimwa. Aah, bado hajaiwasha.

Watu wakaanza kumiminika. Mwanamke mmoja mwenye mabegi matatu akapiga kelele: "Mama Kona! Umekuja kunipokea mteja wako?"

"Nimekuja kuhakikisha umefika, usije ukadai nauli."

"Nimefika, lakini viungo vingine vimebaki kwenye ile kona yako!" Akapita akicheka, akaangukia mikononi mwa watu wake.

Wakatoka wa mikoba, wakatoka wa watoto, akatoka mzee kwenye kiti cha magurudumu. Wakatoka wahudumu wa ndege wakikokota vijibegi vyao vinavyofanana. Mama Kona aliijua maana yake. Wahudumu wakitoka, ndani hamna mtu. Hata hivyo akangoja, akijipa moyo kwamba labda mizigo, labda maofisa, labda kijana amechagua vile viti vya kulala kama alivyoambiwa. Ubao ukaifuta ndege ile ukaandika nyingine. Waliokuja kupokea ndege nyingine wakamsukuma taratibu pembeni.

Simu ikamlilia mkononi. Alikuwa Picha.

"Uko wapi?"

"Nina shughuli. Sema." Nyuma yake kipaza sauti cha uwanja kilikuwa kikitangaza ndege.

"Ndiyo nimefungua sasa hivi. Simu yako ya kazi inalia kwenye droo kama kifaranga. Kuna ujumbe wa kijana wako, umetumwa tangu jana usiku. Nisome?"

"Soma."

Picha alisoma polepole, na kwa mara ya kwanza bila kuongeza lake. *Mama, ndege yako ya kona wameiuza kupita viti. Walikuwa wanatafuta wa kushuka kwa hiari. Wakanipa ofa, nikasema hiyo ni salamu, nikauliza tena. Wamenipa ya moja kwa moja na kiti cha mbele! Inaondoka alfajiri. Kwa hiyo usijisumbue, endelea na kundi lako. Nikifika nitapiga. Umenifundisha vizuri.*

"Mama Kona?" Picha akasema. "Uko?"

"Nipo. Funga droo."

Alitoka nje mpaka kwenye maegesho. Dereva alikuwa amelaza kiti, kofia usoni.

"Mgeni yuko wapi?"

"Hakuja."

"Pole mama. Twende basi?"

"Nimekulipa kutwa. Kaa."

Dereva akakaa. Mama Kona alifungua mlango wa nyuma, akaketi miguu ikiwa nje, akapiga hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa karibu. Ameondoka alfajiri ya huko. Toa tofauti ya majira. Mstari unapita hapa baada ya saa saba. Basi saa saba hivi mchana atakuwa juu. Alingoja. Aliinunua kutwa ile kwa uongo na kwa bei ya dereva, na hakuwa mtu wa kuacha kwenye kaunta bidhaa aliyoilipia. Mchana ulipofika aliinua macho. Palikuwa na mawingu mepesi na mwanga wa kuumiza. Ndege zinazopita mbali huwa juu mno. Hazina hata mlio. Hakuona kitu, na alijua hataona, lakini alitazama mpaka shingo ikauma, kisha akaiteremsha akamwomba dereva maji.

Jua lilikuwa limeanza kulegea simu ya nyumbani ilipolia.

"Mama." Sauti ya mwanawe haikuwa ya kushangilia. "Nimefika. Nimepiga ya kazi, kapokea Picha. Anasema uko uwanjani toka asubuhi."

"Picha ana mdomo."

"Uko uwanjani, au hauko?"

"Niko."

"Ulisema una kazi."

"Nilisema."

Upande wa pili palisikika magurudumu ya mabegi yakipita sakafuni. "Mama, ile ndege ya moja kwa moja ilikuwa nusu tupu. Wenzangu wa nyuma wamelala viti vitatu kila mtu. Ulisema hapana hata pa kuchomeka sindano."

Hapa majibu yalimjia tele, ya kazi, yaliyozoea ulimi: mashine ilikosea, kuna watu walighairi dakika za mwisho, nafasi hufunguka usiku. Kila moja lingeuzika. Alimtazama dereva, ambaye alijifanya kukagua kioo chake.

"Nilitaka kukuona," alisema.

Picha alisema maneno matatu. Yalikuwa mawili, na bado yalimtoka kama mtu anayeshusha kabati ngazini peke yake.

Huko mtu akamwita mwanawe kwa pembeni, akajibu kwamba anakuja. "Mama, mimi nilidhani... uliposema viti vya kulala, nilidhani hutaki usumbufu."

"Ndivyo nilivyotaka udhani."

"Sasa ningejuaje?"

"Usingejua. Nenda, wenyeji wako wanakungoja."

"Nitaongea na ofisi, mama. Kuhusu ya kurudi."

"Sawa, mwanangu."

Alilijua neno hilo. Wateja nao husema, nitaongea na nyumbani nirudi, wakashuka ngazi, na mlango wa duka la rangi ukawameza.

Dereva alimrudisha nyumbani. Walipofika, Mama Kona alimwambia azime gari.

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Panda juu. Kuna chakula cha watu wengi, na mimi sufuria hiyo sijui kuimaliza."

Dereva alikula vizuri, akaongezwa. Akaeleza habari za mabinti zake mpaka akagundua anayeelezwa hasikii, akashukuru, akashuka. Mama Kona aliosha sahani mbili. Akasimama na sufuria kubwa mkononi karibu na kabati, kisha akaiacha kwenye sinki, imelowekwa, maana kuipandisha tena juu ilikuwa kazi ya siku nyingine.

Ofisini hakusema kitu na Picha hakuuliza, jambo lililomgharimu Picha sana. Mara moja moja Mama Kona aliifungua tiketi ya kurudi kwenye kompyuta. Kona fupi, ya kubadilisha ndege tu. Angeweza kuivuta. Vidole vilijua njia: kubofya mara mbili, kijana angeletewa taarifa kwamba ratiba imebadilika, na kampuni za ndege hubadilisha ratiba kila siku, nani angeuliza? Aliitazama, akaifunga bila kuigusa. Wateja wakaja, wakauliza ni mbali kiasi gani, akawajibu.

Wiki ikaisha. Asubuhi moja, akiwa anamwandikia mtu SAA TATU ASUBUHI kwenye tiketi, mkoba wake ukatetemeka. Ilikuwa simu ya nyumbani. Akaitazama kwa mashaka, kama mtu aliyebishiwa hodi mlango wa uani.

*Shikamoo mama. Ile kona ya kurudi, irefushe. Ofisi wakiuliza, waambie ile fupi imejaa.*

Aliisoma, akamalizana na mteja, akamsindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Kisha akaketi. Umeandika ya tiketi kwenye simu ya nyumbani, alitaka kumwambia. Badala yake akaandika: *Marahaba. Niirefushe kiasi gani?*

Jibu halikuchelewa. *Anza wewe. Bei ya kwanza ni salamu tu.*

Picha alikuwa amezima taa zake na anajifanya kufuta kamera ambayo tayari ilikuwa safi. Mama Kona aliifungua tiketi. Amewauliza watu maisha yake yote wanataka nini, na hakukumbuka mara ya mwisho yeye kuulizwa. Aliwaza siku moja, akaona amejidharau. Akawaza mwezi, akaona amedanganya. Akaandika *wiki*, akautuma ujumbe kabla uso haujavaa ile sura ya mpita njia, na akakaa akiitazama simu, tayari kushuka mpaka usiku mmoja.